Miaka Miwili ya Malakal

Barua pepe ilifika Jumanne, saa tatu na dakika chache asubuhi, wakati Nyamuoch akikoroga chai ya pili. Aliifungua na tabasamu tayari usoni, maana alidhani anajua kilichomo. Alikuwa amekiandikia chama cha wataalamu wa rasilimali watu kule Nairobi kuomba karatasi moja tu, ya kusema kwamba yeye ni mwanachama kamili. Chuo kikuu kiliitaka karatasi hiyo kabla ya Ijumaa jioni.

Na tuseme ukweli mapema, mtu asije akahangaika kukisia: Nyamuoch hakuwa na shahada. Alisoma Eldoret mwaka mmoja na nusu, baba yake akafariki, akaitwa nyumbani Malakal, Sudan Kusini, na darasani hakurudi tena. Lakini jamani, msichana huyo hakulala! Mitihani ya chama aliifanya mmoja mmoja, akijisomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akipanda ndege kwenda kufanya mtihani Nairobi na kesho yake kuingia kazini Juba macho mekundu. Februari mwaka huu alifikisha miaka kumi ya kazi, akapewa cheti cha uanachama kamili. Kilitundikwa sebuleni kwao Hai Malakal, mtaa wa Juba, juu ya televisheni, na mama yake, ambaye hata herufi moja haijui, alikuwa akikipangusa vumbi kwa pindo la leso kila mgeni alipoingia ili mgeni akione vizuri.

Kile cheti hakikuwa pambo. Shirika la afya alilofanyia kazi, lenye ofisi yake mtaa wa Buluk hapo Juba, lilikuwa limepata mkataba mpya, na wafadhili walikuwa wamesema kwamba kuanzia tarehe mosi Septemba meneja wa wafanyakazi lazima awe na shahada ya uzamili, au angalau barua ya kukubaliwa kuisoma. Nyamuoch alikuwa kaimu meneja tangu Aprili. Cheo chake cha zamani, unaibu, kilikuwa kimefutwa, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi. Akipata barua ya chuo, kazi anayo. Akiikosa, yuko nje, yeye na mama yake na watoto wanne wa marehemu kaka yake.

Sasa, mtu asiye na shahada ya kwanza anaingiaje kwenye shahada ya uzamili? Hapo ndipo Nyamuoch alipokuwa mjanja. Aliusoma ukurasa wa masharti wa chuo kile mpaka akaukariri: mwombaji awe na shahada ya kwanza, au awe mwanachama kamili wa chama cha kitaaluma kinachotambulika. Hiyo "au" ndiyo iliyokuwa mlango wake. Chuo kilimkubali kwa sharti kwamba chama kimthibitishe.

Akasoma barua pepe.

"Tunasikitika kukujulisha," chama kiliandika, "kwamba miaka yako minane ya Juba imethibitishwa, lakini miaka miwili ya Malakal ilithibitishwa kwa barua ya Bwana Philip Lako, ambaye jina lake liliondolewa kwenye sajili mwezi Juni kwa kosa la kutoa barua zisizo na ushahidi. Barua zake zote zimebatilishwa. Kwa kuwa uanachama kamili unahitaji miaka kumi, umerejeshwa katika daraja la mwanachama mshiriki hadi utakapoleta mkataba wa awali, au hati ya mshahara, au barua ya mwanachama mwingine kamili aliyekusimamia wakati huo."

Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Alipiga simu Nairobi. Akapokea mama mmoja mwenye sauti laini, na afadhali angekuwa mkali, maana mtu mkali unaweza kugombana naye.

"Mkataba wa awali huna, dada?"

"Uliungua, mama. Ofisi yote iliungua. Ilikuwa vita."

"Ooh, pole sana. Na hati za mshahara?"

"Tulikuwa tunapokea mkononi, tunatia sahihi kwenye daftari. Daftari nalo liliungua."

"Pole jamani. Na msimamizi mwingine, mbali na huyo Lako?"

"Hapakuwa na mwingine. Alikuwa yeye tu."

Kalamu ya yule mama ikasikika ikigongwa mezani. "Basi usife moyo," akasema. "Wewe endelea tu na kazi hapo ulipo. Ikifika elfu mbili ishirini na saba, utakuwa umefikisha kumi bila hiyo Malakal."

Endelea na kazi! Nyamuoch nusura acheke. Alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru, akakata simu, akabaki anaitazama chai iliyofanya utando.

Hukumu hiyo ingekuwa nyepesi kidogo kama angekuwa na mtu wa kumlaani. Lakini Lako alishtakiwa na nani kwa chama? Na Nyamuoch. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sentensi zake zilizonyooka. Amejipalia makaa mwenyewe, kisha anashangaa kuungua.

Ilikuwa hivi. Mzee Lako ndiye aliyekuwa meneja kabla yake, na ndiye aliyemwajiri mara zote mbili, kwanza Malakal kwenye shirika la kuchimba visima, halafu hapa Juba. Vita vilipoteketeza Malakal, watu walitoka na nguo za mwilini, vyeti vikabaki vinaungua. Wakija Juba kutafuta kazi wanaulizwa, barua ya mwajiri wako iko wapi? Basi Lako, ambaye alikuwa meneja wao kule, alikuwa anawaandikia kutoka kichwani: namfahamu huyu, alifanya kazi hii, tangu mwaka huu hadi mwaka huu. Machi mwaka huu wakaja wakaguzi, wakapekua mafaili, wakakuta barua kumi na moja za namna hiyo zisizo na kitu nyuma yake. Wakazitia kwenye bahasha wakaondoka nazo, wakaacha orodha ya majina. Lako akapigwa kalamu, na wale kumi na mmoja pamoja naye.

Kanuni za chama zinasema mwanachama akijua kosa la mwenzake aripoti ndani ya siku thelathini. Nyamuoch aliripoti siku ya ishirini na tisa. Nusu ilikuwa ni wajibu, nusu ilikuwa hofu kwamba akinyamaza atafutwa naye, na kipande kidogo, kadiri ya punje ya mtama, kilikuwa kinakiangalia kile kiti cha meneja. Barua za kuwaachisha kazi wale kumi na mmoja aliziandaa kwa mchana mmoja. Barua ilikuwa ile ile, yeye anabadilisha jina na namba tu. Hakumwita hata mmoja kumuuliza neno.

Na alijua, hili ndilo lililomkaa kooni, alijua kwamba kuna barua ya kumi na mbili. Ilikuwa yake. Lako aliituma moja kwa moja Nairobi, kwa hiyo wakaguzi hawakuiona. Alijiambia kwamba yake si sawa na zile nyingine kwa sababu yake ni ya kweli.

Jumatano alikwenda Sherikat, pembeni mwa Juba, kumtafuta Lako. Alipanda boda mpaka ng'ambo ya daraja, mvua ilikuwa imenyesha, tope limefika kwenye vifundo vya miguu, akateremka akiwa na viatu vya ofisini mkononi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba msamaha, na kila alipofika mwisho wake alihisi hayatoshi, akaanza upya. Mwenye boda alimtazama kwenye kioo akifikiri abiria wake anasali.

Lako alikuwa na kibanda cha vipuri vya pikipiki: minyororo, nyaya za breki, matairi yamening'inizwa mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, anasoma lebo ya kopo la grisi kwa makini kama anasoma mkataba wa kazi. Alikulia Arua, Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Eh! Nyamuoch!" akasema, akasimama. "Kuja, kuja kaa. Wewe iko mzima? Mama iko?"

"Mama yuko, Mzee. Anakusalimia." Mama hakuwa anajua hata kama amekwenda.

"Kwes, vizuri. Na kazi?"

Hapo maneno yote aliyoyapanga akayaacha. Akamweleza tu, kuanzia chuo mpaka barua pepe, bila kupamba, huku akitazama minyororo. Alipofika kwenye "barua zake zote zimebatilishwa" akaishia hapo. Lako aliweka kopo la grisi chini. Aliingia ndani, akatoka na karatasi mbili nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki, akafuta meza kwa kiganja, akaanza kuandika.

Aliandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Aliandika kwamba Nyamuoch alianza kazi Malakal mwezi wa tisa mwaka 2011, siku ya Jumatatu. Kwamba meza yake ilikuwa dirishani. Kwamba alikuwa akiandika orodha ya mahudhurio ya wafanyakazi wote kila mwisho wa mwezi, na kuanzia mwaka wa pili aliiandika kwa wino wa kijani kwa sababu wa bluu uliisha na boti ya vifaa haikuja. Nyamuoch alikuwa amesahau wino huo. Alipoyasoma hayo, dirisha lile lote likamrudia, na mto, na harufu ya samaki wa kukausha, akalia pale pale mbele ya matairi.

"Malesh, pole, binti yangu," akasema Lako, akatia sahihi. "Hii barua haitasaidia. Mimi najua, wewe najua. Lakini mimi iko naandika, kwa sababu ni kweli."

"Nisamehe, Mzee."

"Siku ile mimi nilikasirika sana," akasema. "Wiki tatu chakula ilikuwa haipiti. Bibi yangu alisema, huyo mtoto ulimfundisha mwenyewe. Sasa kalas. Ilipita." Lakini alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na Nyamuoch akaona kwamba haijapita yote.

Akajikaza. "Wale kumi na mmoja, Mzee. Walikuwa wa kweli?"

"Tisa mimi niliwaona na macho yangu, wanafanya kazi. Wawili nilidanganya." Akainua vidole viwili, bila aibu na bila kujitetea. "Mmoja shemeji yangu. Mmoja alikuwa na watoto wagonjwa, nikamwonea huruma. Kwa hawa wawili, hata mimi ningejifukuza."

"Na Both Chuol, katika hao? Yule wa ghala letu la hapa Juba?"

Lako alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Both? Both alikuwa anashika ufunguo ya ghala yetu Malakal. Ile ya chini, ya mtoni, penye mabomba. Wewe hukumjua?"

"Mimi sikuwa nashuka mtoni, Mzee."

"Lakini jina yake wewe ulikuwa unaandika kila mwezi. Na hiyo wino ya kijani."

Akakumbuka. Mungu wangu, akakumbuka! Ghala la Mtoni, mstari wa tatu kutoka chini, Both Chuol, siku ishirini na sita, siku ishirini na saba. Miaka miwili ameliandika jina hilo. Hapa Juba nako lilikuwa kwenye orodha yake, mtu wa ghala lililo mbali na ofisi, na akina Both wamejaa tele, hakujisumbua kujiuliza. Halafu Aprili akaliandika tena, kwenye barua namba saba. Mtu mmoja ambaye angeweza kusimama mbele ya wakaguzi na kusema huyu namjua alikuwa ni yeye, na yeye alikuwa anabadilisha majina.

Alirudi Buluk na barua ya Lako mkobani. Aliituma Nairobi hata hivyo. Jibu lilikuja Alhamisi saa nne: wameipokea, wanasikitika, kamati inakutana Oktoba, lakini asitarajie. Aliwaandikia chuo kuomba muda. Chuo kilijibu kwa upole kwamba Ijumaa ni Ijumaa. Alimtafuta mkubwa wa lile shirika la visima, Mzungu aliyerudi kwao. Binti yake akajibu kwamba baba alifariki miaka mitatu iliyopita, na kwamba alikuwa anaisimulia sana Malakal. Hapo Nyamuoch akaacha kutafuta. Hakuwa na mbele wala nyuma. Ijumaa jioni ilifika akiwa ameketi mezani anaitazama saa ya ukutani, na ilipopita saa kumi na moja hakuna kilicholia wala kuanguka, isipokuwa mfagiaji aliyegonga mlango kuuliza kama anaweza kuingia.

Nyumbani hakumwambia mama. Jumamosi mama alikipangusa kile cheti, akakirudisha mahali pake, na Nyamuoch akamsaidia kukinyoosha kisipinde.

Jumatatu mkurugenzi wao, Robert, alimwita. Si mtu mbaya Robert, na hilo nalo lilichosha. Alikuwa amekwisha piga simu kwa wafadhili mara mbili kumtetea.

"Mikono yangu imefungwa, Nyamuoch," akasema. "Na iko kitu kingine naona haya kukuambia. Tangazo la nafasi lazima litoke kesho. Hakuna mtu mwingine hapa anajua kuliandika."

Basi akaliandika. Ungefanya nini? Alikaa kwenye kiti chake akaandika tangazo la kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Meneja wa Wafanyakazi, Juba, nafasi moja. Aliandika majukumu kumi na mawili na yote aliyajua, kwa sababu alikuwa akiyafanya. Kwenye sifa akaandika shahada ya uzamili. Halafu akasita, akaongeza mstari wake mmoja chini: "Waombaji ambao vyeti vyao viliteketea vitani waje na shahidi anayewafahamu, nao watasikilizwa."

Robert alisoma, akafika kwenye mstari ule. Akachukua kalamu, akaukata taratibu, mstari mmoja ulionyooka. "Wafadhili hawataelewa," akasema, bila kumtazama.

Jumanne tangazo lilipelekwa kupigwa muhuri wa Wizara ya Kazi, likarudi saa saba. Mlinzi wa lango alikuwa amekwenda kula, kwa hiyo Nyamuoch alitoka nalo mwenyewe, na pini nne kiganjani, mpaka kwenye ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani nje ya geti. Kama kila siku, watu walikuwa wamesimama pale na bahasha zao za kaki, jua linawachoma, wanasoma matangazo hata yale yaliyopita tarehe. Wakampisha. Akabandika pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikamponyoka, na mtu mmoja mrefu akainama akamwokotea.

Alikuwa Both Chuol. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa safi, limepigwa pasi mikononi mpaka likang'aa, na bahasha yake ilikuwa imechakaa pembeni kwa kubebwa.

"Asante, Both," akasema. "Both, wewe Malakal ulikuwa ghala la mtoni?"

"Ndiyo, Madam."

"Ulikuwa unanijua?"

"Wewe ulikuwa dirishani," akasema Both, kama mtu anayeulizwa kitu kilicho wazi. "Mimi nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi kuleta daftari ya ghala. Wewe ulikuwa unaandika na kijani."

Nyamuoch alishika ubao. Watu walikuwa wakimsukuma kidogo kidogo ili wasome tangazo jipya. "Mbona hukuniambia? Aprili, nilipokupa ile barua, mbona hukusema kitu?"

Both alifikiri. Hakuwa na hasira, na alionekana kweli anatafuta jibu la kumpa.

"Nilifikiri wewe unajua, Madam," akasema.

Nyamuoch alibaki amesimama na pini ya nne mkononi, ncha ya tangazo inapepea. Both aliiona, akamwondolea pini kiganjani, akaibandika vizuri kwenye kona. Kisha akasoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akafika kwenye sifa, akatikisa kichwa.

"Hii inataka karatasi nyingi," akasema. Halafu akamtazama vizuri, akatazama cheo cha Nyamuoch kilichoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo, akamtazama tena. Alisogea upande wa kushoto, akawaambia wenzake nao wasogee, wakampa Nyamuoch nafasi ya kusimama mbele ya ubao pamoja nao.